Mtungi Wenye Viganja Viwili

Kaa chini, Mama Tunu. Rudi kwenye benchi, mwanangu, mtoto hajafa. Amechomwa sindano, kalia, sasa ananyonya, yamekwisha. Kinachonikera mimi si kilio chake, ni hicho ulichomjibu nesi. Kakwambia umrudishe akishaanza kutembea, achomwe ya surua mara ya pili, nawe mbele ya kadamnasi unamwambia, "Ya pili ya nini? Si ndiyo hii hii ya leo?" Eti hurudi tena! Mimi Mwajabu, shangazi wa mume wako, niliyekutandikia kitanda siku ulipoingia nyumba ile, nikusikie unasema hivyo ninyamaze? Thubutu. Nanyi wengine wenye watoto mapajani, sogeeni. Foleni yenyewe haiendi. Nitawaeleza jambo hili tangu shina lake, kama bibi yangu mzaa baba alivyonieleza.

Ulikuwapo wakati mwili wa mtu haukukumbuka kitu. Mtu aliugua, akapona, na mwakani ugonjwa ule ule ulipokuja ulimkuta hajui lolote, ukamwangusha upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Mzee mwenye mvi aliweza kufa kwa maradhi yaliyomtesa akiwa mtoto, kisha yakamtesa akiwa kijana, kisha yakamtesa akiwa baba. Mwili ulipigwa, ukasahau aliyeupiga. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Na watu nao hawakukumbuka, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Huko Kwalukindo, kijiji cha wafinyanzi, zilikuwapo desturi mbili. Ya kwanza, mgeni haulizwi. Akipiga hodi anakaribishwa, ananawishwa mikono, anapewa kigoda, na watoto wanaitwa waje wamwamkie, naye awawekee mkono kichwani awabariki. Ukimuuliza atokako na aendako, umeitia nyumba aibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema, na waliamini kwa moyo wao wote. Ya pili, msiba ukishazikwa hufagiwa. Kila alichokishika marehemu kilitupwa mtoni, nyayo zake zikafagiwa uani, na ufagio wenyewe ukachomwa moto. Baada ya hapo jina lake halikutajwa, wala kilichomuua hakikutajwa. Walisema ukitaja umeita.

Sasa shikeni hizo mbili, msiziache. Kila mwaka mahindi yalipoanikwa, mgeni mmoja alikuja Kwalukindo. Mwaka huu kavaa ngozi kama mwindaji, mwaka ule kabeba ngoma, mwingine ana kibuyu cha asali. Macho yake yalikuwa mekundu, pua inachuruzika, na kikohozi kikavu. Wenyeji walimwonea huruma: maskini, safari imemchosha! Aliwawekea watoto mkono kichwani, akaaga, akaenda zake. Hazikupita siku nyingi watoto nao wakawa na macho mekundu na kikohozi, kisha vipele vikawatoka usoni na kutambaa kushuka hadi miguuni, na makaburi yakachimbwa. Wakazika. Wakafagia. Wakasahau. Mwakani anapiga hodi, wanamwambia karibu ndani! Jamani, nikifika hapa mwili hunisisimka mpaka leo. Watu wazima, wenye akili zao timamu, wanamnawisha mikono anayewamalizia watoto.

Katika kijiji hicho aliishi mfinyanzi mmoja, Mwanamvua, mjane mwenye watoto wawili. Mkubwa alikuwa Kidawa, msichana mpole. Mdogo alikuwa Mhina, na huyo upole hakuuonja, alikuwa mtundu wa kushika kila kisichoshikwa. Siku moja Mwanamvua alikuwa amemaliza kufinyanga mtungi mkubwa wa maji, ameuweka kivulini, bado mbichi. Mgeni wa mwaka ule, yule wa asali, alipotaka kuinuka kigodani alijiegemeza kwenye mtungi, na kiganja chake kikazama ubavuni. Mhina akaona mchezo huo. Akakimbia, akachomeka na chake pembeni, akasema, "Mama, tazama! Mimi na mgeni!"

Mwanamvua alimfokea mtoto. Mgeni hakumfokea, maana mgeni hafokewi. Mgeni akacheka, akamwekea Mhina mkono kichwani, akaondoka.

Mhina hakuuona mwezi mwingine.

Waliokuja kufagia walimkuta mama yake amekwisha kutoa kila kitu: mkeka, kibakuli, kinguo chake, hata kijiti alichokuwa akikivuta uani akisema ni ng'ombe wake. Mtungi hakuutoa. Aliwaambia wazee umepasuka motoni. Kumbe aliuchoma ukaiva vizuri, akauficha nyuma ya rundo la vigae na kuufunika kwa makapi. Mfinyanzi hulia gaeni, nani angekwenda kuchakura vigae vyake? Kila alipokwenda huko kuchukua kuni, aliingiza ncha za vidole vyake katika vile vidole vidogo, akakaa hivyo kidogo, akalitaja jina lililokatazwa. Bibi yangu alisema huyo ndiye mtu wa kwanza kukumbuka. Na kwa kuwa viganja vile vilikuwa jirani, alikijua na kile kikubwa: dole gumba lililopinda kwenda nje, na kovu lililokata katikati ya kiganja mpaka kwenye kifundo.

Mahindi yakaanikwa tena. Safari hii akaja muuza chumvi, mzee mnene mwenye kilemba, na kila mtu akasema huyu hatujapata kumwona. Kidawa alikuwa ameteremka mtoni kuchota maji. Mwanamvua akaleta kata amnawishe mgeni. Mgeni akanyoosha mkono. Mwanamvua akaona dole gumba. Akaona kovu. Kata ikamponyoka, maji yakamwagikia miguuni pake, naye asijue kama yamemwagika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo tusemavyo. Huyu hakuona ung'ongo. Alimwona nyoka mwenyewe amekalia kigoda chake.

"Vipi, mama?" mgeni akauliza kwa upole kabisa.

Mwanamvua alikwenda nyuma, akaufukua mtungi, akaubeba, mgeni akimfuata, mpaka uwanjani, mbele ya Jumbe Semboza, mkuu wa kijiji, na wazee wote. Akasema, "Mgeni, weka mkono wako hapa."

Jumbe aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Mwanamvua! Umeficha kitu cha marehemu, na sasa unampima mgeni? Mkono huo usipoingia, utahama kijiji hiki leo hii, wewe na binti yako."

"Na ukiingia?"

Mgeni mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Miaka yote aliyotembea duniani hakuna aliyewahi kumkumbuka, angewezaje kujua kitu hicho kipo? Alidhani ni mapokezi ya kwao. Akanyoosha mkono, akauweka mwenyewe. Ukaingia. Dole gumba likalala palipopinda, kovu likakaa kwenye kovu, pasibaki nafasi ya kupitisha unywele.

Yallah! Wanawake waliokuwa wamesimama walikaa chini pale pale walipokuwa. Mzee mmoja, aliyekuwapo siku mgeni alipouegemea mtungi, akasema polepole, "Huyu ndiye yule wa asali." Mwingine akasema, "Na wa ngoma." Mwingine, "Na mwindaji." Kisha mama mmoja akalitaja jina la mtoto wake aliyefagiwa zamani, wa pili akataja la kwake, na majina yakatoka kila upande, majina ambayo hayakuwahi kusikika tangu yalipozikwa. Jumbe Semboza alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Ndiyo iliyompa mgeni kigoda kila mwaka. Alizika wajukuu wake wote, kisha akamkaribisha tena, akamchinjia na kuku.

Aliyeshtuka kuliko wote ni mgeni. Rangi ilimtoka. "Nani aliwaruhusu kukumbuka?" akauliza. Watu wakaokota mawe. Akachomoa mkono, akakimbia, kilemba kikabaki njiani, na siku hiyo ndipo alipopewa jina, maana kabla ya hapo hakuwa nalo. Wakamwita Surua. Alipofika mlimani akageuka, akapiga kelele, "Mtungi wenu ni mmoja, na milango yenu ni mingi!"

Na alisema kweli, mshenzi yule. Alirudi kwa sura nyingine, akapitia mlango ambao mtungi haukuwapo. Ulipopelekwa huko, alikwisha kuwagusa watoto na kuondoka. Wakauhamisha, naye akahama. Watu walizunguka na mtungi mabegani, wakifika kila mahali wamechelewa, na kila siku Mwanamvua alimwangalia Kidawa akichezea uani, akijua zamu yake ipo.

Ninyi hamjawahi kufinyanga, kwa hiyo niwaambie jambo ambalo kila mfinyanzi analijua. Udongo mpya mtupu hupasuka motoni. Dawa yake ni kuchukua kigae cha chungu cha zamani, ukisage kiwe unga, uuchanganye na udongo mpya, kisha ufinyange. Chungu hicho ukikiingiza motoni kinastahimili, kwa sababu ndani yake kimo kilichokwisha kuupitia moto. Mwanamvua alikuwa akifanya hivyo tangu usichana wake. Na nani asiyejua kuwa mtu ni udongo? Siku wazo hilo lilipomjia alikuwa kwenye jiwe la kusagia, anasaga vigae. Mikono ikasimama yenyewe. Aliogopa, maana alielewa ni mtungi upi unaotakiwa.

Akauvunja. Lakini mama ni mama, tusimlaumu. Aliuvunja kwa hila, akaizunguka alama ya kile kiganja kidogo, akakitoa kikiwa kizima, akakifunga kwenye pindo la nguo yake. Akasaga kiganja cha Surua peke yake, akatia unga wake kwenye uji, akawanywesha Kidawa na watoto wote wa Kwalukindo. Wenzake walimshukuru. Hakuna aliyeuliza kilichokuwa kwenye pindo.

Surua akaja. Mara hii kajigeuza kikongwe kinachoomba moto wa kuwashia jiko. Watu wazima hawakumtambua, ila watoto! Hata hajafika uani, Kidawa alisimama akapiga ukelele, "Ni yeye!" na watoto wote wakapiga ukelele, mtaa mzima. Surua alisita, nusura ageuke. Kisha akaona hakuna kinachomzuia, akapita katikati yao, akawawekea mikono kama kawaida yake. Wapo watoto waliotoka na homa kidogo tu, yakaisha. Kidawa hakuwa miongoni mwao. Aliangukia mkekani, macho damu tupu, vipele mpaka kwenye nyayo, mwili unawaka.

"Nilimjua, mama," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nilimjua tangu mbali. Lakini sikuwa na cha kumshikia."

Mwanamvua aliinuka kama aliyepigwa kofi. Kumjua adui si kumshika! Na kilichoweza kushika, kidole kwa kidole, jirani kabisa na kiganja kile, kilikuwa kimefungwa kwenye nguo yake.

Akakifungua. Akakaa na kigae mapajani, akaingiza ncha za vidole vyake katika vidole vya mwanawe. Hapakuwa na kitu kingine cha Mhina duniani. Kaburi lilifagiwa, hata mahali lilipo hapajulikani. Jumbe Semboza alikuja akasimama mlangoni, yule yule aliyemtishia kumhamisha, akavua kofia yake. "Mama Mhina," akasema. Alikuwa amelitaja jina, Jumbe mzima, mwenye desturi zake.

Mwanamvua akakiweka kigae juu ya jiwe, akasaga. Majirani waliusikia mlio ule nyumba hata nyumba, na hakuna aliyeendelea na kazi yake. Alipomaliza akamnywesha Kidawa, akawagawia watoto wa wenzake mpaka wa mwisho, na vumbi lililosalia kwenye jiwe akalilamba mwenyewe. Nguo yake ikawa tupu.

Kidawa alipona. Nywele zikaota upya, akarudi kuchota maji, na mahindi yakaanikwa tena. Surua akaja kwa madaha, hakujificha hata kidogo, kavaa kanzu safi. Akaingia uwanjani mchana kweupe, akamwona Kidawa, akamwekea mkono kichwani.

Mkono haukutoka. Akavuta. Akavuta kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Vidole vidogo vilikuwa vimemkamata kwa ndani, vimeingia katikati ya vyake, vinamkaza, na mtoto mwenyewe amesimama tu anamtazama, jasho linamtoka kidogo kwenye paji la uso. Watoto wengine wakaja wakamzunguka, kila aliyemgusa akamnasa. Surua, aliyeua vijiji, alipiga magoti akalia. "Mkono wa nani huu?" akasema. "Wa nani? Niambieni!"

Mwanamvua akamsogelea mpaka akamwona weupe wa macho. "Huyo ni mwanangu Mhina," akasema. "Ulimgusa wewe siku ile. Leo amekugusa yeye."

Vigelegele vikapasuka Kwalukindo nzima, na vilio ndani ya vigelegele. Surua alijinasua kwa kuiacha ngozi ya kiganja pale pale, akakimbia akiwa amekunja mkono kifuani. Ndugu yake, Mafua, alikuwa amejibanza nyuma ya ua anachungulia, na yote aliyaona. Mjanja yule aliapa kuwa hatakuja na kiganja kile kile tena. Ndiyo maana hata mimi mzee hivi, kila baridi ikiingia ananikuta na kunichuruzisha pua, kila mara kaja na mkono mpya.

Na tangu siku hiyo, mtu akishaguswa na Surua akapona, hamrudii tena mpaka anaingia kaburini. Mwanamvua alilitia vumbi lile kwenye udongo wetu, likashuka mifupani, na huko linakaa. Vita vikiisha wapiganaji wengi wa mwilini hufa, lakini kile kiganja kidogo hakifi, hujilaza kwenye mifupa na kwenye zile tezi za shingoni, kwapani na kinenani, kinasubiri. Ukiona mtu ameumia mguu akatokwa na mtoki, uvimbe ule wa kinenani, jua kimeamka, kinaitana na wenzake. Na mwili ukiguswa mara ya pili hauulizi tena wewe nani, unashika.

Lakini mtoto huzaliwa udongo mtupu. Mama humwazima kidogo cha kwake, nacho hakidumu. Na msije mkaenda kulamba vigae, nitawachapa. Siku hizi vumbi la mtungi limo kwenye kichupa cha nesi. Ya kwanza ni ya kumjua. Wapo inayowatosha, lakini wa kwako utamjuaje? Kidawa haikumtosha. Ya pili ni ya kumshika, na hiyo ya pili, Mama Tunu, kuna mwanamke aliisaga juu ya jiwe kwa mikono yake mwenyewe. Wewe unatakiwa kuja kuifuata kwa bajaji tu.

Sasa unalia nini? Futa machozi, maziwa yatachacha. Na toa hicho kidole, usimsugue mtoto hapo panapovimba. Paache.

Mhina anakuja.